MAFUTA, OILI NA KILAINISHI: Uhakiki wa Istilahi za Kutunza Injini za Dizeli, kwa Mifano ya Tarime na Serengeti

“Tia mafuta kabla ya kuwasha injini.” Sentensi hii ina maneno sita, haina kosa la sarufi hata moja, nayo yaweza kuua injini. Fundi mzoefu hatapata taabu nayo, kwa kuwa yeye hasomi sentensi peke yake. Anakitazama pia kifuniko kilichoko mbele yake. Lakini maelekezo hayaandikwi kwa ajili ya fundi mzoefu. Yaandikwa kwa ajili ya kijana aliyeachiwa mtambo siku ambayo fundi hayupo. Kijana huyo ana madumu mawili miguuni pake, na yote mawili yana mafuta. Akitia dizeli mahali pa oili, injini itawaka, itanguruma kwa muda, kisha beringi zitaungua na shafti itashikamana na kitako chake. Akitia oili mahali pa dizeli, hasara ni ndogo kidogo: moshi mwingi, nozeli zilizoziba, na kutwa nzima ya kufungua na kusafisha.

Makala haya yanahakiki istilahi za kazi moja tu, nayo ni kuzitunza na kuzitilia oili injini za dizeli za zamani, zile za mashua na ndugu zake za nchi kavu. Uwanja huu ni mdogo, na hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua. Mjadala wa istilahi kwa jumla umekwisha kuandikwa sana katika kurasa kama hizi, na mara nyingi umeishia katika kukubaliana kwamba kazi ni ngumu. Yafaa mara moja moja kuteremka hadi chini ya injini na kutazama kama maneno tuliyoyasanifu yanafika huko.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini tumechukua mifano yetu Tarime na Serengeti, wala si Dar es Salaam au Mwanza. Wilaya ya Serengeti haina ziwa. Tarime nayo, tangu Rorya ilipotengwa nayo mwaka 2007, imebaki bila mwambao. Shirati na vijiji vya wavuvi vimehesabiwa upande wa Rorya. Lakini injini haikusubiri mipaka ya wilaya. Injini nzito ya silinda moja au mbili, izungukayo polepole, ndiyo iliyosukuma mashua ziwani, na ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa juu ya sakafu ya saruji kusaga mahindi, mtama na mihogo bara. Kampuni ya Lister ya Uingereza ilitengeneza za majini na za nchi kavu. Ile aina yake mashuhuri ya nguvu farasi sita, yenye silinda moja na mizunguko 650 kwa dakika, iliigwa huko Uhindi, na nakala zake zimeenea katika mashine za kusaga za Afrika ya Mashariki. Aliyejifunza kazi kwenye mashua anaweza kuajiriwa kwenye mashine ya kusaga bila kujifunza upya, isipokuwa kwamba ziwani maji ya kupoza yalikuwa chini yake, na bara yamo ndani ya pipa.

Sababu ya pili ni ya lugha. Katika eneo hili Kiswahili cha ufundi kinasemwa na watu ambao wengi wao hawakukizaliwa nacho: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, na Wajaluo wa upande wa ziwa. Mjaluo anapozungumza na Mkurya juu ya nozeli, hana lugha nyingine ya kukutana naye ila Kiswahili. Kwa hiyo neno la ufundi huku linapimwa kwa ukali zaidi kuliko pwani. Halina msaada wa mazoea ya nyumbani, na likiwa na utata, utata huo hautatatuliwa kwa methali wala kwa mzaha. Utatatuliwa kwa spana.

Tuanze na neno lenyewe, mafuta. Ni neno kongwe, na jina la kitu hicho katika lugha nyingi za Kibantu, za Mara zikiwamo, lina asili moja nalo. Kwa asili lahusu kile kinachotoka katika mnyama na katika mbegu: shahamu ya ng'ombe, samli, mafuta ya ufuta, mafuta ya nazi. Ilipokuja taa ya kandili, neno likapanuliwa: mafuta ya taa. Yalipokuja magari, likapanuliwa tena, na leo mtu akisema bei ya mafuta imepanda hakuna anayedhani anasema juu ya samli. Upanuzi huo ni wa kawaida katika lugha, wala si kosa. Wajaluo nao wana neno lao fupi, mo, ambalo limepitia safari iyo hiyo kutoka chunguni hadi taani.

Kosa linaanza pale mwandishi wa maelekezo anapodhani kwamba neno lililopanuka hivyo bado laweza kusimama peke yake ndani ya chumba cha injini. Ndani ya chumba hicho mna angalau vitu vitatu ambavyo mwenye kamusi ana haki ya kuviita mafuta: kile kinachochomwa, kile kinachozunguka ndani ya injini bila kuchomwa, na kile kizito kinachoshindiliwa kwenye maungo ya nje. Mafundi wamekwisha kuvitenga. Cha kwanza ni dizeli, cha pili ni oili, cha tatu ni grisi. Katika gereji na katika mashine za kusaga, kutoka Sirari hadi Mugumu, utengano huu hauna shaka. Mtoto anayetumwa dukani kuleta oili haleti dizeli. Neno mafuta likitajwa bila kiambatisho, maana yake ni kile kinachochomwa, basi. Kwa Wakurya, ambao lugha yao haina sauti ya l, neno laweza kusikika kama oiri, wala hakuna anayepotea kwa sababu hiyo.

Sasa tutazame upande wa wasanifu. Maandishi ya kufundishia na orodha za istilahi hutupa, kwa kile mafundi wanachokiita oili, majina kama mafuta ya kulainishia, mafuta ya mitambo na kilainishi. La kwanza lina neno mafuta ndani yake, nalo hukatwa likawa “mafuta” tu mara mwandishi anapochoka, yaani katika ukurasa wa pili. Tunasema hivi bila dhihaka. Hakuna mtu anayerudia maneno matatu kila mara kwa kitu anachokitaja mara arobaini, na istilahi isiyojua kwamba itachokwa haikutimia.

La mwisho, kilainishi, ni bora kuliko ndugu zake, nasi tutalitetea mbele kidogo. Lakini lina dosari inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa inagusa ufahamu wa kazi yenyewe. Kitenzi kulainisha kina maana mbili kwa Mswahili: kufanya kitu kiwe laini kwa kukiguswa, kama ubao uliopigwa randa, na kufanya kitu kigumu kiwe chororo, kama ngozi iliyolowekwa au moyo wa mtu mkali. Oili haifanyi lolote kati ya hayo. Chuma hakilainiki. Kinachotokea ni kwamba oili inajipenyeza kati ya shafti na beringi, nayo shafti ikizunguka hupanda juu ya utando mwembamba wa oili, hata vyuma viwili visigusane kabisa. Katika injini iliyo nzima, shafti huelea. Fundi aliyelielewa jambo hilo hawezi kudharau dakika za mwanzo baada ya kuwasha, kwa sababu anajua kwamba utando bado haujajengeka. Anayedhani kwamba oili imelainisha vyuma jana na ulaini ungalipo leo, atakoleza moto mara injini inapoitika.

Tena oili ina kazi nyingine ambazo neno hilo halizigusi. Inapoza, kwa kuwa inabeba joto kutoka chini ya pistoni. Inaosha, kwa kuwa inabeba masizi. Inaziba, kwa kuwa inajaza nafasi baina ya ringi na slivu, na bila kuziba huko injini ya dizeli haipati mgandamizo wa kuwashia. Inazuia kutu. Injini ya zamani iliyolala msimu mzima wa mvua katika kijiji cha Serengeti mara nyingi haikatai kuwaka kwa sababu ya dizeli. Inakataa kwa sababu slivu imekauka na mgandamizo unavuja. Mafundi humimina oili kidogo kwenye njia ya hewa, wakazungusha kwa hendeli mara chache, kisha wakapiga stati. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba oili ni kitu cha kulainisha hana njia ya kulifikia jambo hili kwa akili yake mwenyewe; atalikariri tu.

Tutajibiwa kwamba istilahi si maelezo, na kwamba hakuna neno linaloweza kubeba kazi tano mgongoni. Hilo ni kweli, nasi hatudai kwamba kilainishi kifutwe. Tunasema tu kwamba mahali pake ni darasani, ambako kinahitajika jina la jumla la kundi lote: oili, grisi, na hata unga wa risasi ya penseli unaotiwa kwenye makufuli. Vyote hivyo ni vilainishi. Lakini katika maelekezo ya kazi, “ongeza kilainishi” ni sawa na kumwambia mpishi “ongeza kiungo”. Kipi?

Hapa ndipo tunapotofautiana na desturi iliyozoeleka katika usanifishaji wetu. Utaratibu unaofahamika ni kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho ndipo tukope nje. Utaratibu huu ni mzuri kwa kitu kipya kisicho na jina. Kwa kitu ambacho kimekwisha kukaa na jina kwa miongo mingi katika vinywa vya wafanyakazi, utaratibu huo hugeuka kuwa mahakama inayomhukumu mwenye nyumba kwa sababu hakuzaliwa humo. Oili ni neno la Kiswahili. Lina irabu mwishoni, linaingia katika ngeli bila matata, linazaa vifungu vyake: oili chafu, oili nzito, injini inakula oili. Wazee wa pwani walipochukua nanga kutoka Uajemi na deheni kutoka Uarabuni hawakuita mkutano.

Tumelitaja deheni kwa makusudi. Wapo wenzetu ambao, wakikereka na grisi, hutukumbusha kwamba bahari ya Waswahili ilikuwa na msamiati kamili wa vitu vya kupaka: shahamu, deheni ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu na kupakwa chini ya chombo, na sifa, yaani mafuta ya ini la papa, iliyopakwa kwenye mbao. Je, shahamu haliwezi kuwa jina la grisi? Pendekezo ni la heshima, nasi tulilifikiria kwa muda. Lakini shahamu ni kitu halisi, nacho bado kina kazi: kamba ya pamba inayoshindiliwa kuzunguka shafti pale inapotoka katika tezi ya mashua ya kizamani ililowekwa shahamu ili izuie maji bila kuing'ang'ania shafti. Tukiita grisi shahamu, tutakosa jina la shahamu. Halafu fundi aliyeambiwa aiweke shahamu kwenye beringi ya mpira wa chuma ataweka shahamu, na shahamu ina asidi inayokula chuma. Utajiri wa zamani na utumike kwa vitu vyake. Neno rafadha, kwa mfano, ni zuri na halina mshindani kwa usahihi, ijapokuwa ziwani utasikia propela mara nyingi zaidi. Hilo tunaweza kulifundisha pasipo hatari, kwa maana hakuna injini itakayokufa kwa sababu mtu ameiita propela rafadha.

Tofauti kati ya grisi na oili imewahi kuokoa meli nzima, na ingawa injini zenyewe hazikuwa za dizeli bali za mvuke, tukio lafaa kukumbukwa. Meli ambayo leo ni Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, wakiona hawana budi kuikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Meli ikalala chini ya maji hadi 1924, ilipoinuliwa na Waingereza, na injini zikaonekana zafaa bado. Ikarudi kazini mwezi Mei 1927 kwa jina lake la sasa. Dizeli haikufungwa ndani yake hadi miaka ya 1970. Angalia kitenzi kilichotumika hapa: kupaka. Oili ingepakwa, ingeelea juu ya maji na kwenda zake. Grisi hukaa pale ilipowekwa, na kwa sababu iyo hiyo grisi haiwezi kufanya kazi ya oili, ambayo ni kwenda na kurudi.

Vitenzi, kwa kweli, ndivyo vinavyotuambia zaidi kuliko majina, na orodha zetu za istilahi zimevipuuza. Tafsiri Sanifu ambazo Baraza lilianza kuzitoa katika miaka ya 1970, na vitabu vilivyofuata, kama kamusi ya ufundi ya R. Ohly ya mwaka 1987, zilipangwa kwa neno la Kiingereza kujibiwa na neno la Kiswahili. Zilikuwa kazi kubwa, na walioko nje ya fani hii hawajui jasho lililotoka. Lakini neno linalojibu neno halituambii linatembea na nani. Fundi hutia oili, hupiga grisi, hujaza dizeli, humwaga oili. Mwandishi wa maelekezo aliyetegemea orodha peke yake huandika “lainisha injini”, “lainisha beringi”, “lainisha mnyororo”, naye ameua tofauti tatu kwa kitenzi kimoja: ya kwanza yataka kupima na kuongeza oili kwenye sampu, ya pili yataka bomba la grisi, ya tatu yataka brashi.

Kumwaga oili ni kifungu cha kushangaza kidogo. Kwa maana ya neno ni kuitoa tu, lakini kwa fundi ni kazi nzima: kuitoa ingali ya moto ili itoke na uchafu wake, kusafisha chujio kama lipo, kufunga nati ya chini, kutia mpya, kuwasha, kuzima, kupima tena. “Gari limemwagwa oili juzi” maana yake limetiwa oili mpya juzi. Tulipokisikia kwa mara ya kwanza kinatumika hivyo tulifurahi, maana ndivyo lugha hai inavyofanya, kuchukua mwanzo wa jambo kuwa jina la jambo zima. Hata hivyo kifungu hiki hakifai kuingizwa katika maelekezo ya maandishi. Anayesoma peke yake “mwaga oili kila baada ya saa 250 za kazi” ana haki ya kuimwaga na kuishia hapo. Katika maandishi tuseme badili oili, neno ambalo mafundi nao wanalitumia na ambalo halina mtego.

Tukiendelea na sifa za oili, tunakuta mgogoro mwingine kati ya darasa na gereji. Shuleni upinzani wa kimiminiko dhidi ya kutiririka huitwa mnato. Gerejini oili ni nzito au nyepesi. Kila upande una kosa lake. Mnato umetoka katika kunata, na kunata ni kushika: gundi hunata, ulimbo hunata. Asali hunata na pia hutiririka polepole, ndiyo maana mfano wa asali hutumika sana. Lakini ni sadfa ya asali kwamba ina sifa zote mbili. Kwa upande wa pili, “nzito” humfanya mwanafunzi afikiri juu ya mizani. Oili iitwayo nzito ni nyepesi kuliko maji kwa kipimo cha mizani, na mtu yeyote aliyetazama ngama ya mashua ameiona ikielea juu ya maji yaliyotuama humo. Kwa maoni yetu mnato uachwe darasani, kwa kuwa umekwisha kukaa humo na kuutoa kungeleta hasara zaidi kuliko faida. Katika maelekezo tuandike nzito na nyepesi, na mbele yake namba.

Namba yenyewe yahitaji sentensi mbili. Fundi husema oili namba 30, oili namba 40, naye yuko sahihi kabisa: ni kipimo cha wahandisi wa Marekani kiitwacho SAE, kinachoonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa ya moto. Lakini neno namba, likisimama karibu na bidhaa, husikika kama daraja la ubora, na wapo wanunuzi wanaoamini kwamba 40 ni bora kuliko 30 kama vile shati la bei kubwa linavyokuwa bora kuliko la bei ndogo. Asubuhi ya baridi katika nyanda za juu za Tarime, injini iliyoandikiwa namba 30 na kutiwa 40 itakuwa ngumu kuzungusha kwa mkono, na oili itachelewa kufika juu. Tungependekeza “uzito namba 40”, kama neno uzito lisingekuwa na kesi tuliyoieleza hapo juu. Tumebaki na “oili nzito ya namba 40”, ambayo ni ndefu lakini haidanganyi.

Kuhusu oili chafu tunayo machache. Jina hili limeshika nchi nzima, na lina maisha yake baada ya injini: oili chafu hupakwa kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Tatizo ni kwamba katika dizeli oili huwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, na weusi huo ni masizi ambayo oili inayabeba, yaani dalili kwamba inafanya kazi yake. Mwenye mashine anayebadili oili kwa kuona weusi atapoteza fedha. Yapasa tuwe na oili nyeusi, ambayo si kosa, na oili iliyochoka, ambayo ndiyo ya kubadili. Dalili mbaya kweli haimo katika weusi bali katika weupe. Maji yakiingia, oili hugeuka rangi, na mafundi husema imekuwa maziwa. Katika nchi ya wafugaji jina hili halihitaji kufafanuliwa. Orodha zetu zingeweza kulichukua kama lilivyo. Istilahi yoyote itakayoundwa kwa kunyambua neno mchanganyiko itakuwa ndefu na haitaona mbali kama hii.

Dalili ya pili ni ya hila zaidi. Kijiti cha kupimia huonyesha oili imeongezeka, na hakuna aliyeiongeza. Mwenye mashine hufurahi. Kumbe pampu inavujisha dizeli ndani ya sampu, oili inazimuliwa siku hadi siku, na utando unaoibeba shafti unakonda. Neno kuzimua, linalotumika kwa kupunguza ukali wa kinywaji kwa kutia maji, lafaa hapa barabara: oili iliyozimuliwa. Tunalipendekeza kwa Baraza bila kusita.

Na ikiwa oili imezidi sana, kwa kuzimuliwa au kwa kujazwa na mtu mkarimu, yaweza kufyonzwa juu kupita kwenye ringi na kuchomwa ndani ya silinda. Hapo injini hupata chakula chake nje ya pampu, nayo huanza kukimbia yenyewe, kasi ikipanda bila mwisho. Sasa rudi kwenye maelekezo yetu: “Kukitokea hatari, funga mafuta.” Mhudumu anafunga bomba la dizeli kwa utii, na injini haijali, kwa sababu haili dizeli, inakula oili. Njia iliyobaki ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kwa gunia lililokunjwa mara nyingi, wala si kwa kiganja cha mkono. Mwandishi aliyetofautisha dizeli na oili tangu ukurasa wa kwanza ataweza kuieleza hatari hii kwa mistari miwili. Yule aliyeita vyote mafuta hawezi kuieleza hata kwa ukurasa mzima. Na ziwani, mbali na nchi kavu, injini iliyojivunja huwaacha abiria wakipeperushwa na upepo. Bara huwaacha kina mama na debe la mahindi kichwani, wakitafuta kijiji kingine chenye mashine.

Kabla ya kuweka kalamu chini yafaa tutaje aina ya oili ambayo imeleta ugomvi miongoni mwa watunzaji wa injini kongwe. Oili za siku hizi zina dawa ya kuosha, inayoyafanya masizi yaelee hadi yanaswe na chujio. Injini nyingi za kizamani hazina chujio la namna hiyo. Zilitengenezwa ili uchafu utuame chini ya sampu, ukombwe kwa mkono. Ukiitia oili yenye dawa ghafla katika injini iliyotuamisha tope miaka ishirini, tope lile litalegea na kwenda kuziba njia nyembamba za oili. Sampu isafishwe kwanza. Tumeona oili hiyo ikitafsiriwa “oili ya sabuni” na pengine “oili ya kusafishia”. La kwanza linachekesha, tena linatisha, kwa kuwa maji ya sabuni ndani ya injini ni balaa. La pili linaelekeza kwenye kitu kingine kabisa, yaani oili nyepesi inayotiwa kwa dakika chache ili kusuuza, kisha ikatolewa. Oili yenye kuosha na oili ya kusuuzia zingetenga mambo haya mawili, na vitenzi vyote viwili kila mama wa nyumbani anavijua: nguo huoshwa kwanza, kisha husuuzwa.

Kuna sehemu moja ambayo hatujaipatia jina la kuturidhisha. Katika injini ndogo za aina ya Lister hakuna pampu ya kupeleka oili kwenye shafti kuu. Chini ya konrodi kuna kipande kidogo cha chuma kinachochovya katika oili kila mzunguko na kuirusha juu, ikaangukia beringi na slivu kama manyunyu. Oili ikipungua hata kidogo, kipande hicho hupita hewani, na injini inaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka itakaponoki. Wengine watasema kijiko, lakini kijiko hubeba na kupeleka mdomoni, na hiki hakibebi. Mkwiro hupiga, nacho hupiga oili kweli, lakini ngoma ingeingia mahali pasipo pake. Tumefikiria kirushi, tumefikiria kichovya. Kichovya, kwa sasa, ndicho kilicho karibu zaidi, kwa sababu kinasema jambo ambalo mhudumu anapaswa kulihakikisha kila asubuhi kabla hajashika hendeli: kwamba kuna kitu cha kuchovya ndani yake.